Miaka Yangu kwenye Breki ya Kilulu

Wenzangu wa uwanja mpya wa burudani, mliponiaga nilipostaafu mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Basi nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kiti changu cha plastiki, na ninaandika. Vyeo na mishahara sitavigusa: mishahara ilikuwa ikichelewa, na vyeo vilikuwa vikipotea njiani. Nitawaeleza habari za mashine za kuchezea, jinsi zinavyopanda na jinsi zinavyoshuka, na habari za mtu aliyenifundisha kuzishika. Hizo za mwisho ndizo ngumu, kwa hiyo msishangae mkiniona ninazunguka kabla ya kufika.

Wengi wenu mnanijua kwa jina la Tata Frein tu, yaani Baba Breki. Jina langu ni Séverin. Nilizaliwa Mutshatsha, kando ya reli, baba akichoma makala, ndiyo makaa. Kila garimoshi lilipopita karibu na nyumba yetu, ardhi ilikuwa ikitetemeka na tumbo langu likipanda kidogo, kisha behewa la mwisho likienda nabaki na hamu. Nadhani kazi yangu yote ilitoka pale. Watu wengine hurithi shamba, mimi nilirithi mtetemeko.

Nilifika Kolwezi nikiwa na miaka ishirini, nikitafuta kazi ya mgodini kama kila mtu. Ofisini karani aliniambia mgodini kumejaa, lakini uwanja wa burudani wa wafanyakazi unataka mtu wa breki. Nilidhani ananicheka. Akanipa karatasi, nikaenda nayo hadi nyuma ya cité, mtaa wa wafanyakazi, karibu na mlima wa udongo uliotupwa na mgodi. Huko nikaona gurudumu kubwa la kupandisha watu, viti vya minyororo vinavyozunguka, na katikati yake kitu ambacho sikuwa nimekiona hata ndotoni: reli iliyopanda juu kama nyumba ya ghorofa tatu, ikapinda, ikaanguka, ikainuka tena, ikarudi pale pale ilipoanzia. Ilikuwa safari isiyokwenda popote, na watu walikuwa wamepanga foleni.

Ingenieri mmoja wa Kizungu ndiye aliyeitengeneza, kwa reli za mgodi na vigari vya kubebea mawe. Winchi ya kuvutia vigari, ambayo sisi tunaiita treuil, aliing'oa kwenye shimo lililofungwa. Alipomaliza akastaafu na kurudi kwao bila hata kuipanda. Mchoraji wa cité akaipaka rangi ya kijani na kuiwekea macho makubwa mbele, na watoto wakaipa jina: Kilulu. Kwa wasiojua Kiswahili cha kwetu, kilulu ni mdudu, na hasa yule anayetambaa kwenye majani ya mhogo.

Mwenye winchi alikuwa Tata Kabeya. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai kuja kujenga reli, naye akazaliwa Kolwezi, akaoa Kolwezi, akazalia watoto Kolwezi. Kasai alikuwa akiijua kwa ramani. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na ovaroli lake lilikuwa limepigwa pasi. Siku ya kwanza hakuniuliza shule wala kabila.

"Unajua kusikiliza?" aliniuliza.

"Njo, tata," nikajibu, yaani ndiyo. "Niko na masikio."

"Masikio hata sungura iko nayo."

Akanipa bisibisi ndefu. Akaniambia niweke ncha yake kwenye ekseli ya kigari, na mpini wake sikioni, kisha yeye azungushe gurudumu kwa mkono. Nikasikia mlio mzuri, laini, kama mtu anayesaga mahindi mbali sana. Akanipeleka kwenye kigari cha pili. Huko mahindi yalikuwa na mchanga. "Ile ya pili haipande leo," akasema, na haikupanda. Kwa wiki mbili nzima sikugusa breki. Nilisikiliza tu. Leo mna kompyuta inayowasha taa nyekundu kukiwa na kasoro, na ni chombo kizuri, lakini taa ile huwaka kasoro ikishakuwepo. Bisibisi huisikia ikiwa njiani.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua, tulipandisha mifuko ya mchanga badala ya watu. Tata Kabeya aliipa mifuko majina ya wakubwa. "Leo Directeur atapanda na bibi yake," alikuwa akisema, akiufunga mfuko mnono mbele. Mfuko ukirudi mzima, tulifungua milango. Siku moja Directeur alipasuka kwenye kona ya pili na mchanga wote ukamwagika kwenye maua. Tulimzika kwa heshima, tukakaza nati za kona ile.

Breki yangu ilikuwa mkono mrefu wa chuma uliobana mbao mbili kwenye magurudumu. Mbao zilikuwa za mulombwa, nilizichonga mwenyewe. Mulombwa ukilowa huteleza, kwa hiyo mvua ikinyesha hakuna safari, hata aje nani. Mkono mmoja unatosha kuvuta. Wa pili ulikuwa wa maikrofoni, kwa kuwa mtu wa breki ndiye aliyekuwa akiwaita abiria.

Sasa niwaambie utamu wake, maana bila huo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alikubali kuzeekea pale. Gurudumu kubwa nililipenda kipwe, wakati wa baridi na vumbi, kwa vile linainuka taratibu hadi mji wote unakuwa mdogo, paa nyekundu na barabara nyekundu na moshi wa viwanda umelala. Viti vya minyororo nilivipenda jioni, mwili ukitupwa pembeni na viatu vikielea. Lakini Kilulu alikuwa na kitu kimoja ambacho sijakikuta kwenye mashine yoyote, hata hizi zenu zilizotoka nje. Kigari kikifika kileleni, mnyororo hukiachia. Kabla hakijaanguka, hukaa. Sekunde moja, labda mbili. Hakivutwi tena na bado hakijaanguka. Hapo kelele zote huisha. Unaona mashimo ya mgodi yenye kingo za kijani, unaona mto kwa mbali kama uzi, na huna uzito wala deni na mtu. Nimepanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara ile sekunde ilinikuta mpya. Hadi sasa nikisinzia mchana huwa niko pale.

Kuna mchimbaji mmoja wa chini alikuwa akija kila Jumapili, peke yake, na anafunga macho tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimuuliza anapata nini bila kutazama. "Kule ku kazi nashukaka kila siku," akaniambia, "lakini hakuna mwenye anachekaka." Akafunga macho, akapanda tena.

Siku ambayo sitaisahau kwa uzuri ni ile ya mama wa kwaya. Walikuwa wanane, na sare zao za bluu, wametoka kanisani. Umeme ukakatika wakiwa karibu na kilele. Jino la chuma likashika mnyororo kama lilivyopaswa, hawakurudi nyuma hata shubiri moja, ila hawakwenda mbele pia. Mmoja akaanza kumwita Yesu kwa sauti ya kumdai. Tata Kabeya akapanda ngazi ya pembeni, akakaa kwenye taruma miguu ikining'inia. "Bamama," akasema, "Kilulu inapumzika. Muimbe, isilale kabisa." Wakaanza kwa woga, kisha sauti zikafunguka. Cité nzima ikatoka nje kuangalia wimbo unatoka wapi, watu wameinua vichwa, na juu pale rangi ya bluu imetulia kwenye anga. Umeme uliporudi, walikataa kushuka hadi wamalize ubeti.

Maneno ya kuita abiria aliyabuni Tata Kabeya. Kwa kuwa mashine ni kilulu, wanaoipanda nao ni bilulu. Alinifundisha kuyasema kwa maringo: "Bilulu bapande," na kigari kikirudi nikakifunga breki, "Bilulu batoke," yaani wadudu watoke. Wale wa kwenye foleni wakajibu kwa kicheko, "Batoke," maana zamu yao imefika. Hata watoto wa shule walikuwa wakisema hivyo kengele ya kwenda nyumbani ikilia. Kwa miaka mingi nilisema neno lile zaidi ya nilivyosema jina la mke wangu, naye aliniambia hivyo mara kadhaa.

Kisha mgodi ukaanza kufa. Sehemu moja ya chini iliporomoka, mashine kubwa zikasimama, vipuri havikuja. Wazungu waliobaki waliondoka. Watu walikula bukari, yaani ugali, mara moja kwa siku, na bado Jumapili walikuja. Tata Kabeya alitengeneza bolti kwa vyuma vya kitanda. Alisema mji ukiwa unaanguka ni lazima pawe na mahali pamoja ambapo watu wanaanguka na kusimama tena wazima.

Halafu siasa ikaingia. Kwenye mikutano wakubwa walianza kusema kwamba njaa ya Katanga, mkoa wetu, imeletwa na watu wa Kasai, kwamba wamejaza kazi zote, na kwamba warudi kwao. Na wakapata jina la kuwaita. Waliwaita bilulu. Wadudu wanaokula shamba la wenyewe. Neno letu la foleni, neno la kuchezea, walilichukua kama mtu anavyochukua kisu jikoni. Siku moja asubuhi Tata Kabeya aliniita tukiwa tunafunga mifuko ya mchanga.

"Séverin, ile neno tuache."

"Ndiyo, tata."

"Sema 'abiria'. Ni neno mubaya, inanuka bureau, lakini sema ile."

Kwa wiki mbili nilisema abiria. Foleni haikujibu kitu. Hakuna anayejibu abiria.

Jumapili ya tatu uwanja ulijaa. Miongoni mwa watu walikuwapo vijana wa siasa, wamefunga vitambaa kichwani, wametoka mkutanoni. Sikuwaogopa, nilikuwa nawajua nusu yao kwa majina, niliwapandisha wakiwa wadogo. Jua lilikuwa limelegea na vumbi la kipwe limekuwa kama unga wa dhahabu. Tulikuwa na vigari viwili: kimoja kinashuka kwangu, kingine kimeanza kuvutwa juu na winchi ya Tata Kabeya. Nikawa natazama kile kinachoshuka jinsi kinavyoingia kwenye mwanga na kutoka, kuingia na kutoka, na mawazo yakaniacha kama yanavyoniacha siku zote. Kikafika. Nikavuta mkono wa breki, nikainua maikrofoni, na ulimi ukajiendea wenyewe.

"Bilulu batoke."

Foleni ikajibu, "Batoke." Kwanza ilikuwa ile ya zamani, yenye kicheko. Ya pili haikuwa na kicheko. Ya tatu ilitoka kwa wale wenye vitambaa peke yao, wakipiga miguu chini.

"Munasikia?" mmoja akasema. "Hata machine iko nasema."

"Na ule wa treuil njo moja yabo, Mukasai," akajibu mwingine.

Wakaenda kwenye kibanda cha winchi. Mimi nilikuwa hatua thelathini, juu ya jukwaa la breki, maikrofoni mkononi. Kupitia dirisha nilimwona Tata Kabeya akiwa ameshika mkono wa winchi. Hakuuacha. Akawaambia bila hasira, sauti ikanifikia, "Nakuya. Muningojee kidogo, kuko batu mu gari." Nao wakamngoja. Hilo ndilo jambo ambalo nimelifikiria zaidi kuliko yote. Vijana wenye marungu walisimama mlangoni kwa adabu, wakiinua macho kutazama kigari kikipanda taratibu, meno ya mnyororo yakihesabika moja moja. Kikafika kileleni, kikakaa, kikaanguka na kelele zake. Tata Kabeya akasimamisha winchi, akafuta mikono kwa kitambaa, akatoka.

Walimvua viatu na saa. Mmoja akampiga begani kwa ubao. Wakamsukuma kuelekea barabarani, wakapita mbele ya jukwaa langu, naye akaniangalia. Mimi niliangalia mkono wa breki. Kigari kilifika, nikakifunga vizuri, wakashuka salama. Jioni ile nyumba yake ilivunjwa, milango na mabati yakaenda. Yeye, mkewe Mama Mbuyi na binti zao wawili wakakimbilia stesheni, walikokuwa wamejaa watu wengine wa Kasai wakingoja garimoshi la kuwapeleka mahali walikoitwa kwao.

Hapa ndipo ninapozunguka. Niwaambie kwanza kilichoipata mashine. Winchi ilipewa mtu mwingine, mtu mwema, ila hakuwa na subira ya bisibisi. Baada ya Jumapili chache gurudumu moja lilikatika, kwa bahati kigari kikiwa na mifuko tu, na Kilulu hakuamka tena. Reli zake zilikatwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Nilirudi Mutshatsha kuchoma makala na baba, miaka mingi, hadi uwanja wenu ulipofunguliwa na mtu akakumbuka kwamba kuna mzee anayejua breki. Merikebu yenu inayobembea naipenda, hasa inaposita upande wa kushoto. Joka lenu la reli linakimbia vizuri, ila kileleni halikai. Mliona kwamba nilishika kazi zote isipokuwa kuita abiria, mkadhani ni sauti yangu imechakaa. Sauti yangu ni nzima.

Sasa stesheni.

Nilianza safari ya kwenda huko mara tatu, nikarudi njiani. Niliposikia kwamba mabehewa yameunganishwa, nikabeba unga na makayabu, samaki wa chumvi, nikaenda. Watu walikuwa wamelala wiki nyingi kwenye saruji, wamefunga mashuka kwenye nguzo kuwa vyumba. Aliyeniona kwanza ni Mama Mbuyi, akipepea moto wa makala.

"Séverin," akasema. "Umekula?"

Nikampa mfuko, akaupokea kwa mikono miwili kama mgeni amekuja kwake siku ya sikukuu. Tata Kabeya alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, mkono umefungwa kwa kipande cha kitenge. Nikachuchumaa mbele yake.

"Tata, ile neno ilitoka mu kinywa bila mi kuiwaza. Mi nilisema juu ya machine."

"Najua," akasema. "Nilijua ile siku ile ile. Mi njo nilikufundisha kuisema."

Nikahisi mzigo umetua. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Akaniwekea mkono mzima begani, nikakaa tena.

"Lakini kisha ya pale, Séverin. Bale batoto balikuwa bananingojea. Kilulu ilipanda polepole, unajua venye inapandaka. Na wewe ulikuwa na micro mu mukono, na bale batoto ni wewe ulikuwa unabapandisha, balikuwa banakusikia. Juu ya nini haukusema kitu?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza kuhusu ekseli: kuna mlio pale, unatoka wapi. Binti zake walikuwa wananitazama. Mama Mbuyi alikuwa ameacha kupepea.

"Courant ilikatika, tata," nikasema. "Micro ilikufa."

Maikrofoni na winchi vilikula umeme wa waya mmoja. Yeye ndiye aliyeuvuta waya ule, miaka kabla sijafika. Na wakati ule ninaomsimulia, alikuwa ameshika mkono wa winchi inayozunguka, akipandisha watu.

Akaitikia kwa kichwa, kidogo, kama mtu anayekubali zawadi asiyoihitaji ili asimwaibishe aliyeileta.

"Njo vile," akasema. "Courant ya huku inakatikaka."

Waliondoka alasiri ile, kwenye behewa la mizigo, Tata Kabeya amesimama mlangoni na mkono wake umefungwa. Wengi walikufa njiani. Kama yeye alifika, sijui. Nimeuliza wasafiri, nimeuliza mapadri, sijui.

Umeme ulikuwepo, wenzangu. Maikrofoni ilikuwa inawaka, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote uwanjani. Niliogopa. Neno lenyewe ni hilo moja, fupi kuliko lile la umeme, na naamini Tata Kabeya angelipokea.